Mkataba Usiosomwa Mbele ya Mgeni

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote uliyonayo nyumbani, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta, na ukiona inafanana na unayoijua, kosa ni la macho yako. Inaitwa Jamhuri ya Makaribisho. Mimi ni raia wake mtiifu, mwandishi wa gazeti la serikali, ukurasa wa Pongezi. Nimewapongeza wote waliostahili na wengi ambao hawakustahili. Nalisema mapema ili lijulikane: mimi simshuku mtu. Kwetu kushuku ni utovu wa adabu. Mtu akionekana amekunja uso mbele ya kiongozi huulizwa kama anaumwa tumbo, na akisema haumwi, basi baadaye huumwa.

Katika adabu zetu zote, iliyo kubwa ni adabu ya karatasi. Mgeni akikuletea karatasi, huisomi mbele yake. Unaipokea kwa mikono miwili, unaweka sahihi pale anapokuonyesha kwa kidole, kisha unamwandalia chakula. Kuisoma mbele yake ni kumwambia usoni kwamba unamwona mwongo. Utaisoma akishaondoka, na ukikuta neno baya utamtumia salamu za upole ili mzungumze upya. Ni adabu nzuri na ilitufaa sana. Wazee wetu walipoitunga, wageni walikuwa wanaondoka.

*

Mji wa Chumvini uko mwisho wa barabara ya lami, na mbele kidogo ya mwisho huo. Visima vyake vyote vina maji ya chumvi. Wenyeji wameyazoea tangu utotoni. Wanayanywa huku wakiongea, bila kukunja uso. Ndivyo wanavyomjua mgeni. Hawamuulizi kabila wala kitambulisho. Wanampa maji ya kisima, halafu wanamtazama midomo.

Lakini kuzoea si kupona. Watu wa Chumvini wengi wana shinikizo la damu, na wanazikana mapema kuliko inavyopendeza. Serikali, baada ya ukurasa wangu kuipongeza mara nyingi kwa kulitafakari jambo hilo, ikaamua kuleta mtambo wa kuondoa chumvi katika maji. Chuma chenyewe tulikinunua. Maarifa yaliyomo ndani ya chuma hatukuuziwa. Tulipewa leseni, yaani ruhusa ya kuyatumia kwa masharti, kama bwana harusi anayekodi suti na kuambiwa asiiname. Masharti yalikuwa ndani ya mkataba, na mkataba ulikuwa ndani ya begi jeusi la Bwana Olbrecht, mjumbe wa Kampuni kutoka ng'ambo, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu na viatu visivyoshika vumbi.

Sherehe ya kutia sahihi ilifana. Aliyeipokea kalamu ni Mheshimiwa Makame Pambo, Waziri wa Mitambo na Mapokezi, ambaye pia ni mbunge wa Chumvini. Kwenye kampeni hujiita mtoto wa Chumvini, na hakuna ushahidi wa kumpinga, ingawa mkunga wa zamani wa mji ule, aliyewazalisha watu wote wa rika lake, humtazama sana anapolisema hilo.

"Nchi nyingine hujadili mkataba mpaka mgeni anashikwa na njaa," alisema Waziri, na mkono wake ukiwa tayari juu ya karatasi. "Sisi tunasaini kwanza, tunakula, na habari ya kusoma tunamwachia Mungu."

Tulipiga makofi. Nakala moja ya mkataba ikafungiwa katika kabati la Wizara, na ufunguo wa kabati hilo ukapotea alasiri ile ile. Funguo hupotea, sioni ajabu. Nakala ya pili ikarudi katika begi jeusi, na sote tukangoja mgeni aondoke ili Wizara imwombe nakala, iusome mkataba kwa nafasi.

Hakuondoka. Siku ya kwanza alipewa kiti pale Wizarani, wiki iliyofuata akapewa chumba, na mvua za masika zilipoanza alikuwa ameshawekewa zulia. Kila mkutano uliogusa maji alikuwamo, begi likiwa mapajani, akitabasamu. Palipo na mgeni hapasomwi. Nikaandika pongezi ndefu kwa Kampuni, kwa kutupenda kiasi cha kushindwa kutuacha.

*

Mtambo ulifanya kazi vizuri mpaka machujio yake yalipozibwa na tope. Tope la Chumvini ni laini na la kunata, na aliyeyatengeneza machujio hakuwahi kukutana nalo. Machujio mapya yalipatikana katika duka moja tu nchini kote, nalo ni la shemeji yake Waziri. Shemeji huyo kabla ya hapo alikuwa akiuza mashuka. Mtu ana haki ya kubadilisha biashara.

Maombi yakapelekwa dukani, duka likasema mzigo uko njiani, na njia hiyo, kwa jinsi ilivyochukua muda, lazima ilikuwa nzuri sana kwa kutembea. Chumvini wakarudi visimani.

Hapo ndipo anapoingia Bi. Siwatu Kheri, mwenyekiti wa kamati ya maji. Alifundisha kemia mpaka alipostaafu, na nusu ya watu wazima wa mji ule bado wanasimama wakimsikia anakohoa. Mumewe ni Mzee Tumu, fundi viti wa zamani, mcheza bao mwenye kuiba kete waziwazi. Bi. Siwatu anampenda mzee huyo na halifichi, jambo ambalo majirani wanaliona ni kukosa haya katika umri wao. Mzee Tumu ana shinikizo la damu la kutisha. Daktari amemkataza chumvi, na kwa mtu anayeishi Chumvini hilo ni sawa na kumkataza samaki maji. Mtambo ulipokuwa unafanya kazi, miguu yake iliyovimba ilikuwa imerudi kuwa miguu. Uliposimama, ikaanza tena kujaa, na Bi. Siwatu akawa anaitazama kila asubuhi kabla hajamtazama uso.

Basi yeye na kamati yake wakatengeneza chujio lao: mkaa wa vifuu vya nazi uliosagwa, mchanga wa mtoni uliooshwa, na kitambaa kizito cha turubai. Walilifunga katika mtambo, wakaharibu, wakajaribu tena. Tope likanasa. Maji yakatoka matamu, tena kwa kasi kuliko mwanzo. Mji jirani wa Kigogoni, wenye mtambo kama ule na tope kama lile, ukatuma watu kuja kujifunza, na kwa wiki chache watu wa Chumvini walikuwa na furaha ambayo hata mimi niliiamini.

Habari zikafika Wizarani. Msafara ukaja, Waziri mbele, Bwana Olbrecht nyuma yake na begi lake. Mgeni akalitazama chujio kwa muda mrefu, akasema kwa sauti yake ya taratibu kwamba ni kazi nzuri mno. Kisha Waziri akamwomba aeleze mkataba unasemaje. Akaeleza kwamba chujio la aina yoyote haliruhusiwi kutoka mahali pengine isipokuwa palipochaguliwa na Kampuni. Akaeleza kwamba uboreshaji wowote utakaofanywa juu ya mtambo ni mali ya Kampuni tangu unapozaliwa, hata kama umezaliwa kwa mkaa wa mtu mwingine. Akaeleza kwamba maarifa hayo hayaruhusiwi kuvuka kwenda Kigogoni. Na mwisho, kwamba mwenyeji haruhusiwi kuuliza kama Kampuni kweli inamiliki yote inayosema inamiliki. Chujio la vifuu likatiwa katika sanduku la Kampuni, na mtambo ukafungwa kufuli hadi machujio halali yatakapofika dukani kwa shemeji.

Bi. Siwatu aliomba aonyeshwe maneno hayo yalipoandikwa. Msafara mzima uliinamisha vichwa kwa aibu, si ya masharti bali ya swali.

"Mwalimu," Waziri alimwambia kwa huzuni, "unataka kusoma mbele ya mgeni?"

*

Usije ukadhani nchi yetu haina sheria. Bunge letu lilikwisha kupitisha Sheria ya Kudhibiti Masharti Yanayobana katika Leseni za Mitambo, baada ya kusikia kwamba nchi nyingine wanayo na wanajisikia vizuri. Ni sheria nzuri kabisa. Inasema kwamba sharti la kumlazimisha mtu anunue vipuri kwa muuzaji mmoja tu ni batili. Sharti la kumnyang'anya mtu uboreshaji wake bila malipo ni batili. La kumzuia asimpe jirani ni batili, na la kumkataza asihoji umiliki ni batili vilevile. Wabunge waliipitisha wamesimama, wengine juu ya viti.

Ili kuisimamia, ikaundwa Tume ya Kukagua Mikataba, chini ya Jaji mstaafu Sururu Mwinyikombo, mzee mnyoofu anayevaa koti hata kwenye joto. Kulikuwa na kifungu kimoja kidogo. Tume inaweza kulifuta sharti lolote linalobana, ilimradi imelisoma yenyewe kwanza katika mkataba wenyewe. Kusikia kwa mdomo hakutoshi. Ni kifungu cha haki. Huwezi kufuta kitu ulichosimuliwa.

Kwa hiyo Bi. Siwatu alipofungua malalamiko, Tume ikauita mkataba, na mkataba ukaja umebebwa na Bwana Olbrecht. Ukawekwa mezani. Bwana Olbrecht akaketi kando yake. Tume ikamwagizia chai, ikamuuliza habari za kwao, halafu ikakaa kimya ikiungoja wakati wake. Alipokwenda msalani alikwenda na begi, mkataba ukiwa ndani. Walimwalika harusini, akaja na begi, akacheza nalo kifuani, na maharusi wakamsifu. Mchana mmoja wa joto alisinzia kitini, na makamishna wakainuka kwa vidole vya miguu kuelekea karatasi. Mmoja wao, msomi wa mila, akawazuia mlangoni mwa dhambi: je, mgeni aliyelala yupo au hayupo? Walitoka nje kulijadili. Walijadili kwa makini sana, wakaamua kwamba yupo, maana anaweza kuwaota. Waliporudi alikuwa ameamka.

Nilikuwapo siku hizo zote, na niliandika. Niliona kwamba kila Bwana Olbrecht alipoanza kukunja karatasi zake kana kwamba anaaga, mjumbe kutoka Wizarani alitokea na sinia la pilau. Niliona pia kwamba mgeni alikuwa amenenepa na kwamba hakuonekana mwenye raha. Mambo haya nayataja tu.

Mwisho Tume ikatoa uamuzi wa muda: sharti lisilosomeka lihesabiwe kuwa jema mpaka litakaposomeka. Waziri alisema huo ni ushindi wa utawala wa sheria. Mimi niliupongeza.

*

Nyumbani Chumvini hali ya Mzee Tumu ilizidi kuharibika. Kichwa kilimuuma asubuhi, miguu ikajaa mpaka viatu vikakataa, na ndoo za maji matamu zilizonunuliwa kutoka mbali hazikutosha kupikia, sembuse kunywa. Bi. Siwatu aliogopa. Aliwaambia wazi wanakamati kwamba ana hofu ya kumzika mumewe ilhali dawa yake imefungwa kufuli mita chache kutoka mlangoni pake, na kwamba hofu hiyo inamfanya awe na hasira hata na kuku.

Akamlaza kitandani, akamkataza kuinuka, akawa anamletea kila kitu. Mzee Tumu hakuwahi kupenda kuhudumiwa. Alivumilia kwa siku mbili. Siku iliyofuata, alipoletewa uji kitandani, akausukuma pembeni.

"Mke wangu, siku ya tatu hii umenilaza hapa kama mgeni," alisema. "Hata jembe hunipi?"

Bi. Siwatu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mtambo ufungwe. Halafu akaacha kucheka, akaketi ukingoni mwa kitanda.

Hapa yanipasa nieleze. Ule msemo wa wahenga, kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ulikuwa umefutwa nusu katika vitabu vyetu vya shule. Wizara ya Mitambo na Mapokezi iliona kipande cha jembe kinaweza kuwavunja moyo wawekezaji, ikakiondoa wakati ule ule mkataba uliposainiwa. Watoto wetu siku hizi husoma "Mgeni siku mbili," nukta, na mwalimu huwaambia maana yake ni kwamba siku mbili hazitoshi. Watu wazima nao, kwa kuwasikia watoto, walikuwa wameanza kuisahau nusu ya pili. Mzee Tumu hakuwa na mtoto shuleni.

Na nusu ile ilikuwa na uzito katika mila zetu. Mgeni akipokea jembe na kulima, ugeni wake umekwisha. Sasa ni mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani anakula bila kusubiriwa, anakosolewa, anabishana na wenyeji kama wenyeji. Na mbele ya mtu wa nyumbani unasoma karatasi yoyote uitakayo.

*

Kikao cha Tume kilikuwa cha hadhara. Bi. Siwatu aliingia na wanawake wa kamati yake, kila mmoja na chupa ya maji kwa ajili ya safari, na yeye mwenyewe akiwa na jembe jipya lililofungwa kwa utepe wa kijani. Askari mlangoni alimuuliza la nini. Akasema ni zawadi ya mgeni, na kwetu zawadi ya mgeni haizuiwi na askari.

Alisogea mpaka mbele ya Bwana Olbrecht, akapiga goti kidogo, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mgeni naye ana adabu zake: hakatai zawadi na hampingi mwenyeji wake. Bwana Olbrecht alisimama, akalipokea, akalitazama mpini na ubapa. Wapiga picha wakapiga. Msomi wa mila akaanza kutoa jasho, maana yeye alikuwa anakumbuka.

Bi. Siwatu akamwambia mgeni, kwa upole wote wa mwalimu, kwamba zawadi isiyojaribiwa huleta nuksi, na kwamba mbele ya jengo la Tume kuna tuta la mchicha lililojaa magugu. Bwana Olbrecht alitoka nje, na sote tukamfuata. Alivua koti, akaliweka begi juu yake, akainama. Mapigo ya kwanza yalikuwa ya aibu. Baadaye akashika mdundo. Nilimtazama uso na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona miezi yote ile: alikuwa anafurahi. Alilima tuta zima, akaanza la pili bila kuambiwa, mpaka Jaji Sururu alipomshika bega.

Ulizuka ubishi wa kisheria. Wakili wa Wizara alidai kwamba msemo haumo vitabuni, na kisichomo vitabuni si mila. Jaji Sururu akamuuliza kama yeye mwenyewe anaufahamu. Wakili akasema haufahamu. Jaji akamwambia aapie jambo hilo mbele ya mama yake mzazi, ambaye kwa bahati alikuwa miongoni mwa watazamaji, amekaa safu ya nyuma na miwani yake. Wakili akakaa chini.

"Bwana Olbrecht amelima," alisema Jaji. "Si mgeni tena. Leteni mkataba."

Akausoma mwenyewe, kwa sauti, amevaa koti lake. Masharti yalikuwa yale yale: chujio la duka moja, uboreshaji wa bure, marufuku ya jirani, marufuku ya kuhoji. Lilipofika kila moja, Jaji alisimama, akataja kifungu cha sheria kinacholivunja, akalichora mstari. Wanawake wa Chumvini hawakushangilia. Walikuwa wanatikisa vichwa, taratibu, kama watu wanaosikia maelezo ya ugonjwa waliougua. Jaji akaamuru kufuli ya mtambo ifunguliwe jioni ile, chujio la vifuu lirudishwe, na Kigogoni waruhusiwe kulitengeneza. Amri ikapelekwa Chumvini kwa simu papo hapo.

*

Waziri Makame Pambo alifika akitweta, amekwisha kuandaa hotuba njiani. Aliwatazama watu, akautazama mkataba uliochorwa mistari, akafumba macho kwa uchungu.

"Tumedanganywa," alisema. "Ndugu zangu, mgeni tuliyemlisha ametuficha mambo mazito. Mimi, mtoto wa Chumvini, moyo wangu unavuja damu."

Alikuwa anamtazama Bwana Olbrecht jinsi mtu anavyomtazama mgeni, yaani mtu ambaye hatajibu. Hakuwa ameambiwa habari ya jembe. Bwana Olbrecht alikuwa bado na udongo mikononi.

"Mheshimiwa, mimi sasa ni mtu wa nyumbani, na nimeambiwa mtu wa nyumbani anaruhusiwa kubisha," alisema. "Masharti niliyaleta mimi, sikatai. Kila ninakokwenda ninaanza na makali ili wenyeji wapunguze. Ndiyo kazi yangu. Kwingine waliyapunguza nusu, na mahali pamoja walinifukuza. Hapa niliweka karatasi mezani nikangoja mpunguze, mkanipa wali."

Alijipangusa udongo mikononi, akaendelea.

"Wiki ile ile ya kusaini niliomba kurudi kwetu. Nina mke, na kwetu kuna baridi ambayo naitamani. Wewe ndiye uliyeniambia nikae. Kila nikifunga begi unaniambia, keti, Bwana Olbrecht, ukiondoka watausoma. Na ufunguo wa kabati haukupotea. Uko kwenye mnyororo wa saa yako."

Mkono wa Waziri ulikwenda mfukoni, ukakumbuka, ukarudi. Mimi simshuku mtu. Nililikumbuka tu lile duka lililokuwa la mashuka, na masinia ya pilau, na yule mkunga.

Waziri alijikaza. Aliinua sauti, akasema kwamba hayo ni maneno ya mtu wa kuja, na kwamba baina ya mtu wa kuja na mwenyeji, sheria inamsikiliza mwenyeji. Yeye ni mwenyeji. Kitovu chake kimezikwa Chumvini. Nani atathubutu kusema vingine?

Hakuna aliyethubutu. Bi. Siwatu alimwendea kwa heshima, akafungua chupa yake ya safari.

"Mheshimiwa, umekimbia na koo limekukauka," alisema. "Karibu maji ya nyumbani."

Waziri alikuwa na kiu kweli, na kamera zilikuwa zinamtazama. Akapiga funda kubwa. Yalikuwa maji ya kisima cha Chumvini, kwa sababu hapakuwa na mengine. Midomo yake ikajikunja, macho yakamtoka machozi, akageuka pembeni akayatema kwenye tuta la mchicha, akauliza ni uchafu gani waliomtilia humo.

Wanawake wa Chumvini walikuwa wanamtazama midomo. Mmoja wao aliichukua ile chupa, akanywa mpaka ikaisha, akajifuta mdomo kwa upande wa khanga. Bi. Siwatu akatoka mpaka pale walipoegesha mizigo yao, akarudi na jembe la pili. Hili halikuwa na utepe.

Waziri alilitazama, akamtazama Jaji Sururu, ambaye alikuwa anahesabu vifungo vya koti lake. Akalipokea. Ni Bwana Olbrecht aliyemsogelea na kumwonyesha mahali pa kushika mpini, akimhakikishia kwamba mgongo huuma siku ya kwanza tu.

*

Bwana Olbrecht amerudi kwao. Tuliagana naye vizuri, na alipanda ndege akiwa na jembe lake. Duka la shemeji limerudi kwenye mashuka. Nami niliandika pongezi kwa Wizara kwa uwazi wake, kwa kuwa ukurasa wangu hauna nafasi ya kitu kingine.

Mtambo wa Chumvini unafanya kazi kwa mkaa wa vifuu. Mzee Tumu alipopewa bilauri ya kwanza ya maji matamu alisema hayana ladha, akaomba nyingine, na Bi. Siwatu alilia mbele ya majirani bila kujificha. Miguu ya mzee imerudi viatuni. Kamati imempa kazi, maana alikataa kukaa bure: analinda mtungi mmoja wa maji ya kisima uliowekwa kwa makusudi katika ofisi ya maji. Kila mheshimiwa anayefika na karatasi ya kutiwa sahihi hukaribishwa kiti, na Mzee Tumu humimina kikombe, akampa kwa mikono miwili, akamtazama midomo. Jembe liko nyuma ya mlango.